Bagi ya mashindano ya rimoti: spea zipi ununue, apgredi zipi uziache (mwongozo kamili wa mtu aliyeshachoma hela)

Ngoja nianze na ujinga wangu ili usiurudie. Mwaka wa kwanza nimeingia kwenye haya mambo nilikuwa na bagi ya 1/10 (yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) ya umeme, plastiki tupu, imetulia haina shida na mtu, ila nikaona picha za mikono ya alumini ya bluu inang'aa nikasema hapana, hii lazima niwe nayo. Nikaagiza yote minne, nikasubiri wiki tano, ilipofika nikaifunga usiku huohuo. Jumapili kiwanjani mzunguko wa tatu nikakosa kona nikagonga tairi la gari tulilolizika nusu kuwa mpaka wa njia. Mkono haukuvunjika, haukupinda hata kidogo. Kilichopasuka ni pale kwenye chasisi mkono unaposhikiliwa pamoja na boksi la difu la mbele, yaani kitu ambacho kwa mkono wa plastiki ningepoteza spea moja ya bei ya chipsi kuku, kikageuka nusu ya gari.

Toka siku hiyo kabla sijanunua chochote najiuliza swali moja: nikigonga, nataka kivunjike nini? Maana kitu kitavunjika tu, gari la kilo moja na nusu likiwa kwenye spidi ya pikipiki likikutana na tairi ile nguvu haipotei hewani, lazima ipite mahali. Ukiimarisha sehemu moja unaisukuma nguvu kwenda kwa jirani yake. Kwa hiyo huu mwongozo wote nimeupanga kwa kufuata hilo swali, spea kwanza, halafu vitu vinavyofanya gari lisife, halafu spidi, na urembo ukibakiwa na hela.

Naongelea zaidi bagi za umeme za 1/10 na 1/8. Za mafuta sigusi sana, mafuta yake yana nitromethane na kuyapata huku kwetu kwa uhakika ni kazi, ukitaka kuendesha kila wiki nenda umeme.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako kwa jina lote

Sio "nina Associated" au "nina Kyosho". Jina lote, pamoja na toleo. Mfano familia ya RC10B6 ya Team Associated, kuna B6, B6.1, B6.2, B6.3, B6.4, ukiziangalia kwa mbali zote zinafanana ila kuna vitu vilibadilika njiani, ukiagiza spea kwa kusema tu B6 unaweza kuletewa kitu kinachokosa tundu moja, na tundu moja likikosa basi umenunua pambo. Pakua kitabu cha maelekezo cha gari lako, watengenezaji wengi wanakiweka bure kwenye tovuti zao, utakuta ile michoro inayoonyesha gari limefumuliwa vipande vipande na kila kipande kina namba. Hiyo namba ndiyo unayoagizia. Mimi nimeprinti kurasa zangu nimeziweka kwenye boksi la spana, zimejaa grisi hazisomeki vizuri lakini zimeniokoa sana.

Kama bado hujanunua gari, hapa una bahati. Kabla ya kulipa, tafuta bei na upatikanaji wa vitu vinne: mkono wa mbele, nako ya mbele ile inayobeba ekseli ya tairi, gia kubwa, na seti ya gia za ndani ya difu. Ukikuta viwili kati ya hivyo havipo dukani popote, liache hata kama limepunguzwa bei, tena liache hasa kama limepunguzwa bei. Ndio maana watu bado wanaendesha Grasshopper na Hornet za Tamiya, hizo zimetoka 1984 na zikaja kutolewa upya miaka ya 2000, hazina kasi ya kisasa ila spea zake unazipata. Gari la kisasa lisilo na spea ni la kuweka juu ya kabati la vyombo.

Hatua ya pili: daftari

Nunua kadaftari kadogo. Kila kitu kikivunjika, kikilegea, kikipotea, andika tarehe, kitu gani, na uligonga nini. Baada ya wiki sita hivi utaona gari linakwambia lenyewe linataka nini. Daftari langu la kwanza lilikuwa na mkono wa mbele kulia mara nne, na upande wa kushoto hakuna hata mara moja, nikashangaa, kumbe njia yetu ina kona moja ya kushoto ambayo wote tunaitoka vibaya tukiburuza upande wa kulia ukutani. Nikaagiza mikono ya kulia mitatu, ya kushoto mmoja. (Kwenye baadhi ya gari mkono wa kulia na wa kushoto ni uleule, unageuza tu, angalia yako kwanza kabla hujajiona mjanja kama mimi.)

Hatua ya tatu: boksi la kwanza la spea

Hivi ndivyo ningenunua leo kama naanza upya, kabla ya apgredi yoyote: mikono ya mbele jozi mbili, ya nyuma jozi moja, nako za mbele na vile vibebeo vyake jozi moja moja, pini za mikono seti nzima maana zinapinda kimyakimya halafu suspensheni inaanza kukwama unalaumu shokapu bure. Vikombe vya plastiki vya kushika goroli, vile vya kwenye ncha za tairodi, nunua pakiti mbili kabisa, ni rahisi na vikishalegea gari halinyooki tena hata ufanye nini. Gia kubwa mbili. Orings za shokapu. Nati za matairi, klipu za bodi, na pakiti ya skrubu mchanganyiko za M3, sababu gari nyingi za mashindano siku hizi ni M3 karibu kila mahali. Halafu vile vikona sita vinavyobeba rimu, vya milimita 12 kwa 1/10 na 17 kwa 1/8, na vile vipini vyake vidogo ambavyo ukifungua tairi mchangani vinadondoka na huvioni tena milele. Fungua tairi juu ya kitambaa cheupe.

Watu wanaona hii orodha wanasema mbona hamna kitu cha kuongeza spidi. Kaka, anayemaliza mbio zote tano kwa spidi ya kawaida anampita aliye na roketi iliyolala mezani ikisubiri mzigo kutoka China.

Vifaa: bisibisi za alenki za 1.5, 2.0 na 2.5 zenye ncha ngumu. Hapa usibane hela. Bisibisi laini inakula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyokwisha kichwa ndani ya chasisi inakula jioni yako nzima. Ukiwa na Tamiya zenye skrubu za msalaba jua ule ni msalaba wa Kijapani, bisibisi ya kawaida ya dukani inateleza, tafuta ile yenye alama ya JIS. Ongeza na kalipa ya vernia, hata ile ya plastiki, utaona kazi yake sasa hivi.

Beringi

Hii ndiyo apgredi ya kwanza ya kweli. Kit nyingi za bei ya chini zimekuwa zikija na bushi za plastiki au shaba mahali pa beringi, zinasuguana, mota inakula betri kupigana na msuguano, na vumbi likiingia bushi inachimbika mpaka ekseli inacheza. Ukitoa bushi ukaweka beringi gari linakimbia zaidi, betri inadumu zaidi, mota inapoa, bila kugusa kitu kingine. Hakuna apgredi nyingine utakayopata faida hivyo kwa hela hiyo.

Siri ambayo ilinichukua muda kujua ni kwamba beringi za haya magari ni saizi za kawaida za viwandani, sio za kichawi. Pima na kalipa tundu la ndani, upana wa nje na unene. Ile ya 5x11x4 ambayo watu wa Tamiya wanaiita 1150 kwenye duka la beringi ni MR115. Ya 5x10x4 ni MR105. Ya 8x16x5 inayokaa sana kwenye 1/8 ni 688. Ya 10x15x4 ni 6700. Ukienda na hizo namba Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) unaweza kuzikuta, sio kila duka, wengine wana za pikipiki tu, ila ukikuta umejiokoa mwezi mzima wa kusubiri. Angalia herufi za mwisho, 2RS ni ile yenye mpira pande zote mbili, ZZ ina kifuniko cha bati. Kwa vumbi letu chukua 2RS kwenye matairi, ZZ inaruhusu vumbi laini kupenya. Na ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au pwani yoyote, ile hewa ya chumvi inazila hata zikiwa zimekaa tu, ukishamaliza kuendesha futa, tia tone la oili, hifadhi pakavu. Za seramiki za bei mbaya ziache, vumbi halijui kwamba umelipa zaidi.

Matairi, hapa tukae kidogo

Nikiambiwa nibakize kitu kimoja tu cha kununua ningebakiza matairi. Mota kubwa kwenye matairi yasiyoshika ardhi ni kelele na vumbi. Na makosa mengi yanafanyika hapa kwa sababu watu wanaangalia video za Ulaya, wanaona bingwa anatumia tairi fulani wanaagiza hiyohiyo, bila kuangalia kwamba yule yuko kwenye kapeti au nyasi bandia ndani ya ukumbi, wewe uko kwenye kiwanja cha shule.

Tembea kwanza kwenye njia yenu kwa miguu. Kweli, tembea, inama ukwangue na kidole. Kama juu kuna vumbi limelala na chini ni ngumu kama sakafu, unataka meno madogo mengi yenye mpira laini yanayopenya lile vumbi kufika chini. Kama ni udongo uliolegea, kokoto ndogondogo na mchanga, unataka meno makubwa marefu yaliyoachana, yachimbe. Kama ni udongo mgumu uliosuguliwa na matairi mpaka unang'aa, ndipo zile zenye meno mafupi kabisa zinafanya kazi. Mchana jua likiwaka mpira laini sana unaisha kama kifutio, siku moja tu, kwa hiyo mimi mchana naweka ugumu wa kati na laini naacha asubuhi au baada ya mvua. Kila kampuni ina majina yake ya ugumu, Pro-Line wana M3 na M4 kwa mfano, usilinganishe herufi za kampuni moja na nyingine, soma maelezo yao.

Mtego: bagi ya 1/10 ya kuvuta nyuma peke yake inatumia tairi nyembamba mbele zenye mistari ya kuzunguka sio meno, na rimu yake ya mbele sio sawa na ya gari la kuvuta matairi yote manne. Nyuma kwa kawaida zinaingiliana. Nimeona mtu ameagiza seti nzima, mbele ikakaa nje kama miguu ya bata.

Kugundisha tairi pia kuna utaratibu wake. Osha rimu na tairi kwa sabuni, kausha, pangusa kingo kwa spiriti maana mpira mpya unakuja na mafuta ya kiwandani. Ingiza sponji ya ndani ikae sawa bila kujikunja, vaa tairi kwenye rimu, kandamiza kingo zikae kwenye mfereji wake, zungusha uone haliyumbi, halafu supagluu nyembamba tone kwa tone ukivuta ukingo kidogo kwa kidole, robo kwa robo, upande mmoja subiri ukauke ndio ugeuze. Vaa miwani. Supagluu ikikurukia jichoni unaenda hospitali, sio utani. Hakikisha pia kuna tundu la kutolea hewa, kama rimu haina, toboa tairi matundu mawili ya milimita tatu au nne yakiangaliana, bila hivyo tairi linavimba kama puto kila ukitua.

Usinunue seti kumi. Nunua aina mbili, zimalize, andika kwenye daftari ipi ilikaa njiani na ipi ilikuzungusha.

Shokapu na oili

Shokapu nyingi zinazokuja na gari za mashindano zinatosha kabisa, tatizo ni kwamba mtu hajawahi kuzifungua tangu azaliwe, anaenda kununua mpya. Zifungue, mwaga oili ile nyeusi, badili oringi, jaza oili mpya, pandisha na kushusha pistoni polepole mpaka mapovu yaishe, acha zisimame dakika kumi, funga. Utadhani umenunua gari jingine.

Oili zina vipimo viwili vya uzito wake vinavyochanganya watu, kuna cSt na kuna wt. Kwa Associated 30wt ni kama 350 cSt. Kampuni nyingine wt yao inaangukia kwingine, kwa hiyo ukihama kampuni angalia cSt, usilinganishe majina. Kwa 1/10 anzia 350 mpaka 450. Joto linalegeza oili, ukichukua vipimo vya mtu anayeendesha ukumbini Ulaya kwenye ubaridi ukaviweka Dodoma saa nane mchana gari litadundadunda, panda ngazi moja ya uzito.

Na hii naomba isikilizwe: usiweke oili ya shokapu za pikipiki. Najua ipo kila kona na ni rahisi, ila ile ni ya petroli na hizi shokapu nyingi zina oringi za silikoni, zinavimba, shaft inakwama, siku mbili tatu inaanza kuvuja. Oili ya silikoni chupa moja inakaa mwaka.

Springi badilisha mwisho kabisa, baada ya oili. Watu wanaanza na springi sababu zina rangi.

Sevo

Sevo (kile kimota kinachogeuza stelingi) inayokuja na gari za tayari-kuendesha mara nyingi ndio kitu dhaifu kuliko vyote ndani, gia za plastiki, ukigonga kona mbili meno yanaruka, stelingi inabaki upande mmoja. Hapa badilisha bila kuogopa. Tafuta ya gia za chuma, kwa 1/10 nguvu ya kilo 8 mpaka 15 inatosha, 1/8 nenda 20 na zaidi. Spidi iwe karibu sekunde 0.10 kwa nyuzi 60 au chini ya hapo.

Ila kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni meno ya shaft: Futaba, Savöx na nyingi za kisasa ni 25, Hitec nyingi 24, Sanwa na KO Propo 23. Ukilazimisha mkono wa 25 kwenye shaft ya 24 unaingia kama unataka vile, halafu unazunguka wenyewe katikati ya mbio. Wa pili ni volti, sevo ya volti 6 ukiichomeka kwenye ESC (kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye mota) iliyowekwa kutoa 7.4 inaungua, harufu yake hutaisahau. Wa tatu ni sevo seva, kile kispringi kinachomeza kishindo cha kugongwa tairi. Ukiondoa hicho ukaweka mkono mgumu wa alumini umeshahamishia kishindo chote kwenye gia za sevo uliyoinunua jana. Kwenye 1/10 nyepesi za mashindano wengi wanaendesha bila hicho na wana sevo ya kuhimili, wewe ukiwa bado unagonga kuta, kiache.

Mota, gia na betri

Haya sasa, spidi. Mota za 1/10 zisizo na brashi zinahesabiwa kwa mizunguko ya waya, 17.5 ni ya kawaida ya wengi, 13.5 ina kasi zaidi, ukishuka 8, 7, 6 unaingia kwa wababe. Namba ikipungua kasi inapanda. Mimi namwambia kila anayeanza chukua 17.5, kama ESC ina hali ya timingi sifuri (isiyoiongezea mota kasi yenyewe) iweke hapo, na jifunze kona. Kwenye njia zetu fupi huna mahali pa kuitumia 6.5, unafika kona umekwisha.

Kabla hujabadili mota, cheza na pinioni (ile gia ndogo ya kwenye mota), ni rahisi mara kumi. Hesabu yake: meno ya gia kubwa gawa kwa meno ya pinioni, zidisha kwa uwiano wa ndani wa gari ulioandikwa kwenye kitabu. Tuseme gia kubwa ina 72, pinioni 24, uwiano wa ndani 2.6, unapata 3 mara 2.6 ni 7.8. Ukiweka pinioni ya 26 unapata 7.2, kasi ya mwisho inapanda ila mota inafanya kazi ngumu zaidi na inapata joto. Panda jino moja moja, endesha dakika tano, pima joto. Kile kipima joto cha mkono cha mwanga mwekundu kilichosambaa enzi za korona kinapima paji la uso tu, unataka kile cha mafundi friji. Ikizidi nyuzi 75 hivi, rudi jino moja au mawili. Kama huna kipimo, ukishindwa kuweka kidole sekunde tatu, rudi.

Pinioni lazima zilingane na gia kubwa kwa ukubwa wa jino. Kuna pichi 48, pichi 64, kuna modi 0.6 ya Tamiya nyingi, modi 1 ya 1/8. Ya 48 na ya modi 0.5 zinafanana kwa macho, utadhani zinaingiliana kabisa, halafu baada ya betri mbili gia kubwa imekuwa unga. Tundu nalo, mota za 1/10 shaft ni milimita 3.17, za 1/8 ni 5. Ukifunga acha nafasi kidogo kati ya gia, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati, sukuma mota, kaza, toa karatasi.

Betri, kwa 1/10 ni lipo (betri ya lithiamu polima) ya seli mbili yenye boksi gumu, ile ya mfuko laini usiweke kwenye gari linalopinduka. Chaji kwa C moja, yaani ya 5000 mAh kwa ampia 5, usiiache ishuke chini ya volti 3 kwa seli, weka ESC ikate kwenye 3.2. Kama huendeshi wiki hii ihifadhi kwenye 3.8 kwa seli, sio ikiwa imejaa. Ikivimba imekufa, hakuna cha "bado inashika kidogo".

Kuzileta ndio vita. Lipo peke yake ikisafirishwa kama mzigo hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, hiyo sheria imeanza 2016, ndio maana mawakala wengi wa mizigo wanakataa au wanapandisha bei. Ila mtu anayesafiri anaruhusiwa kubeba kwenye begi la mkononi ikiwa chini ya saa-wati 100, na plagi zimefunikwa zisigusane. Zidisha volti kwa ampia-saa: ya seli mbili (2S) ya 5000 ni 7.4 mara 5, 37 tu, safi. Ya seli nne (4S) ya 6500 ya 1/8 ni 14.8 mara 6.5, inatoka 96.2, inapita kwa kubana pumzi. Ukiwa na shemeji Dubai au Muscat anayekuja likizo ndio wakati wa kumsalimia. Mwambie asizitie kwenye sanduku la chini, na aulize ndege yake kwanza wanaruhusu ngapi.

Difu

Sitakaa sana. Difu ya gia inajazwa oili ya silikoni nzito, 1/10 ya kuvuta nyuma 3000 mpaka 7000 cSt hivi, nzito inalifanya gari litoke kwenye kona limenyooka, nyepesi inalisaidia kuingia. Kwenye njia ya vumbi isiyo na mshiko anzia chini. Ukisikia difu inalia kama inasaga mchanga, inasaga mchanga kweli, fungua. Badilisha gasketi kila ukifungua, ni karatasi ya senti chache lakini ikivuja oili inahamia kwenye slipa klachi (klachi ya kuteleza) na hapo gari linashindwa kuondoka pale mstari wa kuanzia.

Chuma kiende wapi sasa

Turudi kwenye ile mikono yangu ya bluu, bado ninayo ndani ya droo, mmoja binti yangu anaufungulia madaftari. Chuma au alumini weka pale ambapo sehemu haipokei kishindo cha kugonga bali inachakaa kwa kuzunguka, kulegea au joto: kibebeo cha mota, mkono wa sevo (ukishaacha kugonga kuta), vile vikona sita vya rimu, besi ya stelingi kama ya plastiki inacheza. Tairodi za chuma cha kubadili urefu au titani ni nzuri sababu unarekebisha magurudumu bila kufungua. Shafti za nyuma za aina ya CVD badala ya zile za mfupa (zenye vichwa vilivyochomekwa tu), hizo zinaleta faida ya kweli, gari linakuwa laini na mfupa hauchomoki ukiruka.

Plastiki ibaki kwenye mikono, nako za mbele, bampa, na kibebeo cha bodi. Zile zinapinda zinarudi, zikishindwa zinavunjika zenyewe. Mnara wa shokapu wa kaboni ni mzuri ila ukilala kwa mgongo kila mzunguko kama mimi wakati ule, ule wa plastiki unavumilia zaidi. Ukivunja mkono uleule kila wiki, usikimbilie alumini, angalia kwanza kama bampa ni fupi, kama pini imepinda, kama plastiki imekauka na jua. Wengine wanachemsha mikono mipya ya nailoni dakika kumi ishibe maji isiwe kavu, inasaidia.

Kwenye bolti za chuma kwa chuma tia gundi ya nati ile ya bluu, tone dogo. Kwenye plastiki kamwe, inaipasua.

Vumbi

Walioona Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha wanajua lile vumbi la fesh-fesh linavyomeza gari zima, wale wanafunga hadi mabomba ya kuvutia hewa juu. Letu ni lilelile kwa kipimo kidogo. Feni ya ESC ifunge soksi nyembamba ya kina mama, isafishe kila betri. Resiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti) iweke kwenye boksi lake na puto juu. Usioshe gari kwa maji, brashi ya rangi na pampu ya baiskeli zinatosha.

Kununua bila kulia

Agizeni pamoja, watu watano mzigo mmoja, nauli inagawanyika. Mtumie muuzaji picha ya namba ya spea kabla ya kulipa. Spea za kopi zipo na nyingine ni nzuri, nimetumia mikono ya kopi mwaka mzima, ila za vitu vinavyozunguka, gia, shafti, beringi, jaribu moja kabla hujachukua kumi. Kuna duka moja la mtandaoni nililiamini sana likaniletea gia kubwa iliyokuwa yai, inazunguka inapanda inashuka, nikaandika wakasema ndivyo ilivyo. Toka hapo nikipokea gia naiweka juu ya kioo cha meza naizungusha kabla sijatupa karatasi ya mzigo.

Ukishafunga spea mpya inua gari juu uzungushe matairi kwa mkono, sikiliza, endesha betri moja polepole, rudi kaza kila bolti uliyoigusa, angalia gia na karatasi yako. Betri ya pili ndio ufungulie.